Yaya, Mwamini Ametoka Pangoni

Lubumbashi, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane. Ni mwaka wa tatu sasa tangu nipande treni ya mizigo pale Kabalo, wewe ukikimbia pembeni na kifurushi cha mihogo ya kuchemsha, ukikirusha juu ya behewa na kunitukana kwa sababu nilikaribia kukiangusha.

Yaya wangu Mwamini, dada yangu mkubwa,

Leo tumeshinda. Ningesema nimeshinda, lakini ungeniuliza kwa nguvu za nani, na ungekuwa na haki. Nimekaa kwenye ngazi ya chumba changu, jua bado lipo, vumbi la mwezi wa nane limejaa hewani, na mikono inauma kwa kazi ya jana. Rafiki zangu wa kazi wamelala. Mimi nakuandikia. Ninaandika polepole, unajua, shule niliiacha darasa la tano na saruji haifundishi mtu herufi. Lakini habari hii siwezi kukaa nayo peke yangu.

Nianze na mahali nilipo. Kazi yangu ni kusaidia mafundi wa ujenzi. Tunajenga ukuta wa nyumba moja kubwa kule mtaa wa Golf, ukuta mrefu hata ukidhani umefika mwisho unakuta unapinda kona. Mimi ninabeba matofali ya saruji, nachanganya mchanga, napandisha ndoo juu ya jukwaa la mbao. Jioni narudi mtaa wa Bel-Air, ninapopanga chumba nyuma ya nyumba ya Papa Kalonji. Huyu ni mzee wa Kikasai aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi, anauza vipuri vya magari, anapenda kucheka watu. Binti yake anaitwa Mado, ni mwalimu wa sekondari. Hapa hakuna anayeniita Kasongo. Kwa wote mimi ni Kabalo, mji niliotoka.

Mado ndiye aliyeniingiza katika mchezo. Sio mchezo wa simu. Watu wanakaa mezani, na mmoja anasimulia dunia isiyokuwepo, yenye majitu na milima inayoongea. Wengine, kila mmoja ni mtu ndani ya dunia ile. Msimulizi anakuuliza: sasa unafanya nini? Unajibu. Jambo likiwa gumu unatupa dadu, na dadu ndiyo inasema kama umeweza au umeanguka. Mado anacho kitabu cha mchezo huo kwa Kifaransa, anatusomea na kutugeuzia kwa Kiswahili cha hapa. Kila Jumapili baada ya misa tunakaa barazani kwao mpaka chakula cha jioni kiive.

Mwanzoni nilifikiri ni mambo ya watu walioshiba. Siku ya kwanza nilikuwa napita uani na ndoo yangu ya maji, Mado akaniita: "Kabalo, kuya kidogo. Tunakosa muntu." Nikakaa tu kwa heshima ya nyumba. Akanipa karatasi. Akauliza: "Muntu yako anaitwa nani?" Nikasema Mwamini. Sikufikiri, Yaya. Jina lilitoka lenyewe.

"Mwamini ni nani?"

"Ni yaya yangu."

"Iko wapi?"

"Alikufa."

Mado akanisogezea kalamu na kusema: "Basi uandike bien, vizuri. Herufi kubwa mbele."

Nikaandika. Ukawa mwanamke anayesafiri na kibuyu cha mafuta ya mawese na fimbo moja. Nguvu nikakupa kidogo, ujanja nikakupa mwingi, mdomo nikakupa kuliko vyote. Sijui kama nimekosea.

Lazima nikuambie kwa nini jambo hili lilinishika hivyo. Habari ya kufa kwako ilinikuta juu ya jukwaa, nimeshika ndoo. Mama alipiga simu akashindwa kumaliza kusema. Aliyemaliza ni Furaha, mtoto wako, kwa sauti ya mtu mzima. Treni zilikuwa zimesimama wakati ule, njia imeharibika, na wewe ulikuwa umeshazikwa. Tangu siku hiyo jina lako nyumbani limekuwa kama mbabula, jiko lenye makaa yanayowaka: kila mtu analizunguka, hakuna anayeligusa. Mama akipiga simu anasema "mama Furaha". Siku nyingine anasema "yule". Nami ninamfuata, ninasema "yule", kama vile ulikuwa mpangaji.

Lakini hapa Bel-Air, kila Jumapili, mtu mzima na akili zake ananitazama machoni na kuuliza: "Mwamini anafanya nini?" Hasemi alifanya. Anafanya. Na mimi ninajibu. Mwamini anabisha bei, Mwamini anapanda mlima, Mwamini anamwambia jitu lisogeze mguu wake watu wapite. Naweza kubeba matofali wiki nzima kwa ajili ya swali lile moja.

Tatizo ni sheria ya meza. Mtu akifa katika mchezo, karatasi yake inapasuliwa na jina halirudi tena. Nililiona likitendeka. Rafiki yetu Trésor, dereva wa pikipiki anayekaa nyumba ya pili, mtu wake wa kwanza alizama mtoni kwa sababu ya kiburi. Mado alipasua karatasi bila huruma, na Papa Kalonji akachukua vipande akawashia mbabula ya kupikia ugali. "Kwa leo muntu yako amesaidia kupika bukari," akasema. Sote tulicheka. Mimi nilicheka mdomo tu. Nilikuwa ninaitazama karatasi yangu.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Kuna mji katika dunia ile unaitwa Chumvi. Ni mji mdogo, hauna sifa. Tuliukuta umeharibiwa na wezi, tukaujenga. Mimi ndiye niliyesema ukuta upite wapi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, ukuta ulikuwa wangu. Trésor alifuga mbuzi kule, anawajua kwa majina. Halafu chemchemi ya Chumvi ikakauka. Tukaambiwa maji yamefungwa ndani ya mlima, nyuma ya mlango, na mlangoni amelala Nyoka wa Shaba. Hapigani na mtu. Anatega vitendawili. Sheria yake: yeye anatega, sisi tunajibu, sisi tunatega, yeye anajibu. Akishindwa hata mara moja, anafungua mlango na maji yanatoka. Sisi tukishindwa mara tatu, mmoja wetu anabaki pangoni kuwa jiwe. Na Nyoka alishachagua atakayebaki. Alimchagua yule anayeongea sana.

Ni wewe, Yaya.

Jumapili iliyopita tuliingia pangoni. Mado anasema kwa sauti ya chini akiwa Nyoka, anavuta maneno, hata ngozi inasisimka. Kitendawili cha kwanza kilikuwa hiki: ninakula siku nzima sishibi, nikinywa maji ninakufa. Kabla sijafungua mdomo, Trésor akaruka: "Mulevi!"

"Mulevi gani tena?" Mado akasahau kuwa yeye ni Nyoka.

"Mulevi akikunywa mayi anakufa! Uliza baba yangu mudogo!"

Jibu lilikuwa moto. Mara ya kwanza tumeshindwa. Papa Kalonji, kwenye kiti chake cha kamba, alicheka mpaka akavua miwani.

Tukatega chetu, Nyoka akajibu. Akatega cha kivuli, nikajibu mimi. Tukatega, akajibu. Kisha akasema: anaingia nyumba ya mfalme bila kugonga, anawalaza askari chini bila kuwapiga. Yaya, nilitafuta nikakosa. Upepo, ugonjwa, mvua, giza. Jibu lilikuwa usingizi! Mimi, ninayelala nimesimama kwenye mstari wa maji, mimi ninayekula bukari na macho yamefumba, sikuujua usingizi uliposimama mbele yangu.

Na hapo nilifanya kosa ambalo ni mtu wa nyumba yetu tu anaweza kulifanya. Unakumbuka desturi ile Mama alikuja nayo kutoka kwao, pande za Kalemie: ukishindwa kitendawili unampa mtegaji mji, na mpaka aukubali mji hasemi jibu. Kwetu hayo ni maneno tu ya kufurahisha. Tumeshakupa miji mingi kuliko serikali yoyote. Basi mimi, kwa mazoea, nikasema: "Nimeshindwa. Chukua mji."

Mado akainua kichwa. "Mji gani?"

Nikataja uliokuwa karibu mdomoni. "Chumvi."

Mado hajui desturi yetu. Aliandika. Nyoka akacheka kicheko kirefu, akasema asante, akatuma watoto wake wote wateremke kwenda kukaa katika mji waliopewa. Nilipoelewa, nilikuwa nimeshachelewa. Trésor alisimama kiti kikaanguka.

"Kabalo! Umetoa mji yetu? Na mbuzi zangu ndani?"

"Nilisema vile tu. Kwetu ni—"

"Kwenu! Kwenu muntu akishindwa kesi anatoa commune, mtaa muzima?"

"Njo vile bakubwa banafanyaka," akasema Papa Kalonji, kwamba ndivyo wakubwa wafanyavyo. "Usilie, Trésor."

Mado akafunga kitabu, chakula kilikuwa tayari. Hivyo tuliachana: mji umekwenda, tumeshindwa mara mbili, na zamu ya kutega ni yetu. Nyoka akijibu tena, kitakachofuata ni kitendawili chake, na Mado alisema wazi kwamba amekiweka kile kigumu kuliko vyote mwisho.

Wiki hii ilikuwa ndefu. Asubuhi baridi, mchana upepo na vumbi machoni. Nikipandisha ndoo natafuta kitendawili, nikishusha ndoo natafuta kitendawili. Fundi alinipigia kelele kwamba ninaweka mchanga kama mtu anayepika uji. Kila kigumu nilichokumbuka, nilijua Mado atakiweza, amesoma vitabu vingi na ana akili ya kukata. Nikaona karatasi yako inapasuliwa. Nilishashindwa kukuzika kwa sababu sikuwepo. Sikutaka kukuzika nikiwepo.

Siku ya Alhamisi, tukiwa tunakula chini ya ukuta, nikamkumbuka yule dereva wa treni.

Unamkumbuka? Treni iliharibika Kabalo, akakaa siku nyingi akisubiri kipuri, na kila jioni alikuja kukaa na ninyi mnaouza chakula pale stesheni. Alijua vitendawili vya kila stesheni kutoka Kamina mpaka Kindu. Aliwashinda wote. Wewe ulikuwa unaosha sahani, hujageuka hata kumtazama, ukasema: ninabeba kiti kichwani, lakini anayekikalia si mtu. Dereva akageuza akili huku na huku. Akasema taji. Akasema pembe. Akina mama wote walikuwa wameshaanza kucheka, maana kila mmoja alikuwa nayo kichwani au kiunoni: ile kata ya kitambaa tunayoweka chini ya mzigo. Mtu aliyebebwa na chuma maisha yake yote hakuwahi kuweka kata kichwani.

Akakupa Kindu, ukakataa: mbu wengi. Akakupa Kinshasa, ukakataa: nitapoteza watoto sokoni. Akakupa Ulaya nzima, ukasema nani atanisukia nywele huko. Tuseme ukweli, Yaya, ulikuwa na majivuno. Mwishowe ukachukua Kalemie, kwa sababu Mama alizaliwa pale. Na tukiwa tunarudi nyumbani uliniambia: "Kasongo, usitafute kitendawili kigumu. Mtazame mtu, utafute kitu asichoishi nacho."

Niliweka sahani chini. Nilianza kumtazama Nyoka kama wewe ulivyomtazama dereva. Anaishi na nini? Giza, mawe, maji, mayai, ngozi anayovua. Haishi na nini?

Nilicheka peke yangu. Wenzangu walidhani vumbi limenipanda kichwani.

Leo basi, baada ya misa. Trésor alikuja na kitendawili chake tayari, cha plagi ya pikipiki. Mado akamwuliza kama mu pango ya nyoka kuko pikipiki, wakabishana. Nikawaacha wabishane, kisha nikasema: "Mwamini anasogea mbele."

Wakanigeukia. Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, katika mchezo ule watu wanakaa. Nikaweka mkono kiunoni kama wewe.

"Kitendawili!"

"Tega!" Alijibu Mado, alijibu Trésor, na hata Papa Kalonji kutoka kwenye kiti chake.

Nikasema: "Ndugu wawili wako safarini. Mmoja akitembea, mwingine anapumzika. Na bado wanafika siku moja."

Ni chako, Yaya. Ulikitega siku ile tulipotembea kwenda shamba na mimi nalia kwamba nimechoka.

Nyoka alijibu haraka: "Jua na mwezi."

"Banafika wapi?" Trésor akauliza. "Jua na mwezi tangu zamani banatembea tu. Haifiki!"

Mado akakubali. Nyoka akafikiri, akasema: "Mume na bibi yake."

"Hapana," nikasema.

"Hapo ni bibi peke yake njo anatembea," akasema Papa Kalonji, "mume anapumzika mpaka mwisho." Kutoka jikoni mke wake akasema, "Aksanti kwa kukubali."

Halafu nilimwona Mado usoni kwamba amepata. Macho yake yaliteremka chini ya meza, pale miguu yangu ilipokuwa, na viatu vyangu vyeupe kwa saruji. Akashika dadu, akaiviringisha kidogo mkononi, kisha akaiweka chini bila kuitupa.

"Mimi Mado ninajua," akasema. "Ninajua kabisa. Lakini haukuniuliza mimi." Akafumba macho. Sauti yake ikarudi chini, ya Nyoka. "Nyoka anajitazama, kutoka kichwa mpaka mkia. Anatafuta ndugu wawili. Anaona mwili moja tu." Akafumbua macho. "Hapati. Nyoka ameshindwa."

Trésor alipiga kelele hata mbwa wa jirani wakaitika. Ninamheshimu sana yule dada, Yaya. Angeweza kudanganya, amjibie Nyoka, na hakuna ambaye angejua. Alikuwa ameandaa hata vita baada ya kitendawili, na majina ya askari. Akaziweka karatasi zile pembeni.

Lakini mimi sikukaa. Nikasema: "Bado. Toa mji."

"Mji gani? Niliahidi mlango tu."

"Jumapili iliyopita nilishindwa, ukachukua mji. Sheria ile ilikuwa ya nani?"

Mado akafungua mdomo, akaufunga. Baba yake akasema: "Mado, lipa. Ulikula mji ya benyewe."

"Bon," akasema Mado, na akarudi kuwa Nyoka, lakini sasa Nyoka mwenye hasira ya muuzaji aliyebanwa. Akanipa mji wa dhahabu ulio chini ya mlima, wenye nyumba zinazong'aa. Nikasema hapana, hapo hakuna kivuli, watoto wataungua miguu. Akanipa mji wa wafalme saba. Nikasema wafalme saba, nani atafagia? Trésor alikuwa ananivuta shati.

"Kabalo, chukua ile ya dhahabu! Mbuzi nitapata zingine!"

"Mwamini hataki."

"Mwambie atake!"

Yaya, nilikuwa nasema kwa mdomo wako. Nilikuwa nasikia sauti yako ikitoka kwangu, na mkono ule kiunoni, na kidevu juu. Sijawahi kukataa kitu maishani mwangu. Fundi akisema beba, ninabeba. Leo nilikataa dhahabu na wafalme saba mbele ya watu, nikaona utamu ambao ulikuwa unauona pale stesheni. Sasa nakuelewa. Niliudhania kuwa ni kiburi, kumbe ni mtu kujua thamani ya anachokitaka.

Mwishowe Nyoka akasema kwa sauti ndogo: "Chumvi."

Nikasema: "Nimeichukua."

Na unajua kinachofuata kwa desturi. Mwenye mji lazima aende, aeleze alivyofika, ndipo atoe jibu. Wewe ulikuwa unachukua muda mrefu hata watoto wanasinzia. Nikaanza. Nikasema: Mwamini anatoka pangoni, maji yanamfuata nyuma kama mbuzi anayemjua mchungaji wake. Anateremka mlima. Watoto wa Nyoka wanaondoka mji kwa kutambaa, kimya, hawamtazami. Mwamini anafika kwenye ukuta. Watu wanatoka nje. Hawamuulizi ametoka wapi. Wanampokea mzigo, wanamwekea maji ya kuoga, wanampikia sombe ya majani ya mihogo na samaki wa kukaushwa. Mwanamke mmoja anasema, "Mwamini, ulichelewa," naye anajibu, "Nimechelewa lakini nimefika," na anakaa, ananyoosha miguu, na—

Hapo sauti ilikatika. Sikuweza kuendelea. Yaya, sikuwepo walipokubeba. Sikuwepo walipokuwekea maji. Mado na Trésor, waliokuwa wakicheka, walikuwa sasa wananitazama bila kucheka, na Papa Kalonji alikuwa amesimama. Mado hakunihurumia kwa maneno. Aliuliza tu, polepole, kama anavyouliza kila Jumapili:

"Na sasa Mwamini anafanya nini?"

Nikasema: "Anasema jibu. Jibu ni miguu."

Trésor akapiga meza. "Nyoka haina miguu! Kabalo, weye mubaya sana!" Na sote tukacheka tena, mimi kwa machozi, na mke wa Papa Kalonji akaleta bukari. Papa Kalonji alininawisha mikono yeye mwenyewe, mzee yule, mimi mpangaji wake. Akasema: "Huyu yaya yako, ningemwogopa." Nimetembea na maneno hayo kutoka barazani mpaka hapa chumbani kama mtu aliyepewa cheo.

Karatasi yako haijapasuka. Iko hapa gotini. Kwenye mstari wa vitu ulivyo navyo, Mado ameandika kwa mkono wake: mji mmoja.

Sasa habari za nyumbani, maana labda unazingoja zaidi ya hizi. Furaha amekuwa mrefu, Mama anasema nguo zako zinamkaa mabegani. Anauza mafuta stesheni siku za treni, na wanamwogopa kwa kubisha bei. Mdogo wake bado anauliza maswali usiku, na Mama hana majibu, anamwimbia tu. Mama mwenyewe mgongo unamsumbua. Mti wa mpera ulioupanda umezaa, na majirani wanaiba kama kawaida. Mimi nimekonda lakini ninakula. Kikohozi cha saruji kinakuja na kuondoka. Sitakudanganya, nimechoka, Yaya. Kuna asubuhi nakaa kitandani natazama viatu vyangu kama vitu vya mtu mwingine. Lakini leo sijachoka.

Nimezungumza na Mado kuhusu siku nitakayoondoka. Mtu akihama mchezo, mtu wake anaweza kufa au kusahauliwa, inategemea msimulizi. Nimemwomba Mwamini abaki Chumvi. Awe mwenye mji. Wasafiri wakija, wakiwa na shida, waambiwe wakamwone. Mado amekubali, akasema atamhitaji, kwa sababu Trésor peke yake ataangamiza dunia nzima. Kwa hiyo hata nikiwa sipo, Jumapili kuna watu Bel-Air, watu ambao hawakukuona kamwe, watakaogonga mlango wako kuomba shauri. Nadhani utawabishia kwanza.

Mimi naahidi hivi. Ukuta wa Golf unakwisha mwezi wa kumi, fundi ametuambia. Sitatafuta ukuta mwingine. Nikifika nyumbani, jioni ya kwanza, nitakaa mezani na Mama na watoto wako wawili na nitasema jina lako kwa sauti, lote, si "yule", si "mama Furaha". Mama atalia. Acha alie. Kisha nitamwambia Furaha atege, na mimi nitashindwa kwa makusudi mpaka aichukue miji yote ninayoijua.

Lala vizuri, yaya yangu. Mimi nakwenda kunawa vumbi hili, kesho saa kumi na mbili lori linatuchukua. Nitaingia Kabalo mwezi wa kumi na moja, watu wakianza kupanda mahindi, na nikifika uani nitapiga hodi nikisema: hapa ni kwa Mwamini?

Mdogo wako,
Kasongo